Nani Aonje Kwanza

Glasi iliwekwa mezani mbele ya baba yangu, nami nikaishika kwa chini ili asiweze kuinyanyua. Nilijifanya napangusa meza. Baba haoni tangu nikiwa msichana wa shule, lakini ole wake anayedhani kwamba asiyeona hajui. Alinyoosha mkono, akakuta vidole vyangu vimebana kitako cha glasi, akaguna.

"Mwiitu," akaniita, ndiyo kusema binti kwa Kikamba chetu. "Toa mkono."

Sikutoa. Mle ndani mlikuwa na bia aliyoipika mwanangu wa pekee, mjukuu wake, bia ya kwanza aliyoibuni mwenyewe tangu aajiriwe katika kiwanda kidogo huko Lukenya. Ilikuwa laga nyepesi, imetoka bombani muda huo huo, na watu wa meza za jirani walikuwa wakiinywa na kucheka. Mimi nilikuwa na hakika, hakika ya mwili mzima, kwamba baba akiinywa atakufa, na kwamba atakayekuwa amemuua ni mtoto wangu.

Najua jambo hilo likiandikwa linachekesha. Mimi ni fundi cherehani mwenye duka Machakos mjini, ninashona sare za shule, na ni mama wa kanisa anayejulikana. Nilikuwa nimeketi baa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kitambaa kichwani, nikipigana vita vya vidole na mzee ambaye meno yamemtoka. Lakini woga ukishapanda kichwani hauna aibu. Acha nieleze wangu ulikotoka, ndipo turudi mezani.

Kwetu ni upande wa Kithimani, na nyanya yangu alikuwa mpishi wa pombe. Sisi pombe tunaiita uki. Wake ulikuwa wa miwa, ukichachushwa kwa miatine, yale matunda marefu mazito ambayo yakikuangukia kichwani unazikwa. Nyumbani kwake sheria ilikuwa moja: anayekupa kinywaji anakunywa kwanza, mbele ya macho yako, kutoka chombo kile kile atakachokukabidhi. Hakukuwa na mchezo wa kulowesha mdomo tu. Alimeza, ukaona koo limepanda na kushuka, ndipo akakupa. Mtu akikukabidhi kibuyu bila kuonja, ulikuwa na haki ya kukiweka chini na kwenda zako, na hakuna ambaye angekuita mwenye kiburi.

Baba alikua na sheria hiyo na hakuwahi kuivunja. Hata siku ile hakuivunja. Alikuwa kwa rafiki yake wa tangu utotoni, mtu aliyekuwa akija kwetu na sukari guru mfukoni kwa ajili yetu watoto. Rafiki huyo alikuwa ameacha kupika uki wa miwa, kazi nyingi faida kidogo, akaanza kuuza kitu cheupe kama maji kilicholetwa kwa mitungi kutoka sijui wapi. Alimimina, akanywa yeye kwanza. Baba alimwona akimeza. Miaka yote baadaye, kila tulipomuuliza kilichotokea, jibu lake lilikuwa lile lile: "Lakini alikunywa kwanza."

Asubuhi iliyofuata baba alitoka kukamua ng'ombe, akauliza ni nani anachoma majani, mbona boma limejaa moshi. Hapakuwa na moshi. Niliangalia huku na huku nikamwambia hakuna kitu kinachoungua, naye akanigombeza kwamba nadanganya. Kufikia jioni nilisimama mbele yake nikiwa nimeshika kikombe cha maziwa na akaendelea kuita jina langu akielekea mlangoni. Rafiki yake alizikwa wiki hiyo hiyo.

Toka hapo niliacha kuiamini ile sheria. Kuonja kwanza hakuondoi sumu, kunaongeza jeneza tu. Na bado, uelewe mimi ni mtu wa aina gani, sikuweza kuiacha. Mama alipofariki nikamleta baba Machakos tukae naye, na hakuna kinachoingia kinywani mwake bila kupitia kwangu. Chai, uji, supu ya mbuzi, soda, hata dawa ya kikohozi. Naonja, nasubiri kidogo, najisikiliza tumbo na macho, ndipo nampa. Yeye husikia kijiko kikigonga kikombe kisha kimya, akajua nimeanza ukaguzi wangu.

"Hujakufa bado?" huniuliza.

"Bado."

"Basi leta, inapoa."

Sasa jaribu kupata picha ya mtu wa namna hiyo akizaa mpishi wa bia. Mwanangu alisomea mambo ya vyakula chuo kikuu. Nilimlea peke yangu kwa hiyo cherehani, na ndoto yangu ilikuwa atengeneze jamu, kwa sababu maembe ya Matuu yakiiva yanaoza njiani kwa kukosa mnunuzi. Siku aliyonipigia simu kuniambia amepata kazi, nilisahau mguu juu ya pedali na cherehani ikashona kaptura ya mtoto wa watu miguu yote miwili pamoja.

Tuligombana mwaka mzima, taratibu, bila kelele, kama watu wanaopendana wanavyogombana. Alinieleza mara nyingi.

"Mwaitu," huniambia, maana hivyo ndivyo mtoto wa Kikamba anavyomwita mama yake, na babu humwita Umau, "hiyo kitu ilipofusha Umau haikuwa bia. Hiyo ni spiriti ya kiwanda, ile ya kusafisha rangi, mtu aliongeza maji akauza. Bia ni shayiri, maji, hamira na hopsi. Hakuna mahali hiyo sumu inaweza tokea."

"Na yule rafiki ya Umau alijua yake imetoka wapi?"

Huwa namshinda hapo, na kumshinda hakujawahi kuniletea usingizi.

Hopsi, kama nawe hujui, ni maua makavu ya kijani yanayoletwa kutoka ng'ambo ndani ya mifuko. Aliniletea kidogo kwenye kiganja ninuse. Nilinusa nikiwa nimekunja uso, nikasema yananuka majani ya malimau yaliyosahauliwa kabatini. Alifurahi sana, akasema ndivyo hasa. Mimi nilikuwa nimetukana.

Halafu akaja Jumamosi moja na habari. Bia aliyoibuni yeye ilikuwa imepita, wenye kiwanda wameipenda, na imeingizwa kwenye bomba la baa yao. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, akipata jua miguuni. Alimgeuzia mjukuu wake uso. Kisha akasema, "Nataka kuonja."

"Hapana," nikasema mimi.

"Sikukuuliza wewe. Nimemwambia mwenye bia."

"Tata, wewe hujaweka pombe kwa mdomo tangu ile siku."

"Najua siku gani. Ni mimi nilipofuka, si wewe."

Nilimtazama mwanangu kwa jicho la mama, lile la kumaliza mazungumzo. Hakulipokea. Alikuwa anamtazama babu yake na uso wake ulikuwa unawaka kama wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa kusifiwa. Nikajua nimeshindwa. Nikikataa, mzee angepanda bodaboda peke yake mpaka Lukenya, na mambo hayo ameshayafanya. Nikakubali shingo upande. Kichwani nilikuwa nimeshapanga: nitaonja mimi, tutaibeba nyumbani kwenye chupa, tutalala, na kesho yake nikiamka nikiwa naona vizuri, atakunywa. Mpango ulikuwa mzuri kabisa. Ulikosa kitu kimoja tu, nao ni kwamba sikuwa najua lolote kuhusu bia ya bomba.

Mwanangu alikuja kutuchukua na pikapu ya kazini. Baa yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya mawe, ya wachimbaji wa machimbo ya karibu, imeezekwa mabati, na nje benchi zimepangwa kutazama vilima. Malori ya kokoto yalipita barabarani yakituachia vumbi. Mbuzi alikuwa akichomwa kando na kwa kweli harufu hiyo ilinipa moyo kidogo, kwa sababu mahali panapochomwa mbuzi hapawezi kuwa pabaya kabisa. Vijana wa Syokimau walijaa meza ya pembeni. Mmoja akaniambia, "Sasa mathe," salamu yao kwa mama, nami nikamjibu "Bwana asifiwe" kabla sijajizuia. Hakucheka. Alisema amina.

Niliingia ndani na mwanangu kumwona akimimina, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutoondoa macho kwenye hiyo glasi tangu tone la kwanza. Ukutani kulikuwa na mabomba yamejipanga, na nyuma ya ukuta, kwenye chumba cha baridi, mapipa ya chuma. Alishika mpini mmoja, akauvuta, bia ikatoka kwa povu. Akaijaza glasi. Akaimwaga yote kwenye ndoo.

Nikamshika mkono. "Mbona umeimwaga?"

"Hiyo ya kwanza huwa tunamwaga. Imelala kwa paipu tangu jana."

"Kwani ikilala kwa paipu inakuwa nini?"

"Inachoka tu, mwaitu. Ladha inapotea."

"Na paipu mnaosha?"

"Kila wiki."

"Na nini?"

Hapo angenidanganya ningemsamehe. Lakini nilimlea kusema ukweli, na nikavuna nilichopanda. "Na kostiki," akasema. "Ile soda kali. Halafu maji mingi, halafu tunapima na karatasi kama imeisha."

Kostiki naijua. Jirani yangu dukani anatengeneza sabuni nayo na ana kovu mkononi. Nilitaka kuuliza kama hiyo karatasi imewahi kukosea, kama siku ya kuosha ni leo, kama aliyeosha alikuwa amelala vizuri, lakini alikuwa ameshageuka kuchukua glasi nyingine. Niliangalia ile ndoo, povu likizama polepole, nikamwona baba amelala kitandani amenyooka.

Basi nikatoa mpango wangu. Nilimwambia atie kidogo kwenye chupa, tutakunywa nyumbani kesho.

"Hii hubebi," akasema. "Ikitoka kwa bomba ni ya saa hiyo. Ukifika nayo Machakos itakuwa imekufa."

Angetafuta neno lingine. Alimimina glasi ya pili taratibu, ameiinamisha upande ili povu lisizidi, akaisimamisha mwishoni likapanda vidole viwili na kukaa. Aliifuta nje kwa kitambaa safi. Nilimfuata mpaka mezani nikiwa nyuma yake, kama anayesindikiza mwili.

Na mezani akafanya jambo ambalo sikumtuma wala sikumfundisha. Alisimama mbele ya babu yake, akasema, "Umau, nakunywa kwanza," akanywa, akameza kwa nguvu makusudi ili asikike, kisha akaiweka glasi mbele ya baba kwa mikono miwili.

Sijui nani alimwambia. Labda baba mwenyewe. Najua alifanya kwa heshima, na najua mama mwingine angetokwa na machozi ya furaha. Mimi nilimwona yule rafiki wa baba, sukari guru mfukoni, koo likipanda na kushuka. Sasa nilikuwa nitawazika wawili. Hapo ndipo niliposhika kitako cha glasi, na hapo ndipo baba aliponiambia nitoe mkono.

"Naonja mimi," nikasema.

"Mwenye pombe ameshaonja."

"Hata yule alionja."

Mwanangu alitazama viatu vyake. Baba alirudisha mkono wake taratibu, akauweka juu ya fimbo, akasema, "Haya. Onja."

Niliinyanyua. Ilikuwa baridi mpaka vidole vikauma. Kwanza niliitazama, kwa sababu kutazama ndiyo kazi yangu. Rangi yake ilikuwa ya uzi wa manjano uliopigwa na jua dirishani msimu mzima, hafifu, safi, na ningeweza kuona kidole changu upande wa pili. Vile vitone vya hewa vilipanda mstari mmoja mmoja bila haraka. Nilitafuta uchafu nikakosa. Nikatafuta wingu, mafuta, weupe wowote, nikakosa. Usafi wenyewe ukanitisha, maana hata ile ya rafiki wa baba ilikuwa safi kama maji ya mvua.

Nikanusa. Nilitegemea ule uvundo unaotoka kwa walevi wakipita mbele ya duka. Haukuwepo. Ilinuka mkate, lakini si mkate wenyewe, ni ule ukoko wa chini uliobaki kwenye sufuria ya kuokea. Nyuma yake kulikuwa na majani mabichi, na mbali kabisa kitu cha ganda la limau. Hakuna kilichochoma pua. Nilinusa tena na tena. Vijana wa Syokimau lazima walidhani mimi ni mjuzi wa kimataifa.

Kisha nikaingiza mdomoni.

Nitasema ukweli kama ulivyokuwa. Kwanza ilikuwa baridi na gesi ikanichoma ulimi kila upande, nikadhani ndiyo kostiki. Macho yakajaa maji. Benchi, vilima, mwanangu, vyote vikayeyuka na kuwa kitu kimoja cheupe, nikajua ndiyo hivyo, yamekwenda, sitashona tena. Nilipepesa macho. Vilima vikarudi. Ilikuwa gesi tu, kama ya soda. Baada ya mchomo huo kukaja utamu mdogo sana wa nafaka, ule wa maji ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ukichota kabla hujatia chumvi, na utamu huo ukaanza kugeuka chungu pembeni mwa ulimi. Nilikuwa na bia yote hiyo mdomoni, mashavu yamejaa, nikiipeleka huku na huku. Na koo likakataa. Nililiamuru, nikapiga moyo konde, nikamwomba Mungu. Koo likafunga. Nikatoa leso kwenye mkoba, nikajifanya nakohoa, nikaitema yote.

"Ni nzuri," nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. "Lakini tungoje kidogo."

Baba aligeuza uso upande wangu. "Sijasikia umemeza."

"Nimemeza."

"Haujameza. Nimekusikia ukionja tangu ukiwa msichana. Ukionja uji wangu unameza, nasikia. Hii umetema."

Leso ilikuwa inanidondokea kwenye sketi.

"Umenionjea uji," akasema baba, si kwa hasira, na hilo lilinitia woga zaidi kuliko hasira. "Umenionjea chai. Dawa umenionjea, na maji. Maji ya mfereji! Nikanyamaza, nikasema acha, huyu mtoto aliogopa. Lakini nakaa pale kila siku nangoja kama wewe utaanguka. Unajua hiyo? Kila kikombe. Wewe unasema hii itampata baba, nami nasema sasa itampata mtoto wangu, na siwezi ona hata kama umeshika ukuta." Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. "Mimi ndiyo baba. Leta hiyo glasi. Leo naonja mimi, halafu nakupatia wewe."

Mwanangu alinigusa bega. Niliitazama ile mikono ya baba, imejaa mishipa, haitetemeki hata kidogo. Nilimpa glasi. Sijui nilimpaje, mpaka leo sikumbuki vidole vyangu vikiachia.

Hakulamba. Alikunywa kama mtu aliyetoka kulima. Nilihesabu koo lake kwa macho, likapanda, likashuka, likapanda tena. Aliishusha glasi, povu likiwa kwenye masharubu, akakaa akisikiliza ndani yake.

"Ile," akasema hatimaye, na sote tulijua ni ipi, "ilikuwa na moto. Haikuwa na ladha ya kitu, ni moto tu mpaka chini. Hii haina moto." Akaonja masharubu yake. "Hii iko na shamba ndani. Mwanzo ni kama unatafuna mbegu kavu. Halafu inakuja uchungu hapa nyuma, lakini haukai, inajifagia yenyewe. Ukimaliza unasahau kama ulikunywa, unataka kukumbuka." Akamgeukia mwanangu. "Ni nyepesi kuliko ya nyanya ya mama yako. Yake ulikunywa na ukalala hapo hapo. Lakini ni kazi ya mtu. Umepika."

Mwanangu aligeuka akatazama malori. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Kisha baba akanipa glasi. Alinipa kwa mikono miwili, akainua uso akawa kama ananitazama, akangoja. Woga wangu haukuwa umeondoka, nisidanganye mtu. Ulikuwa pale pale. Ila sasa mzee huyu alikuwa ameshakunywa, na kama kulikuwa na ubaya ndani ya glasi ile, ulikuwa umeshaingia kwake, na mimi sikutaka kubaki upande wa pili nikiwa na macho mazima na leso iliyolowa. Nikanywa. Nikameza.

Iliteremka baridi mpaka tumboni. Ule uchungu ulikuja umechelewa, uchungu wa ganda la chungwa ukiliuma, ukakaa kidogo nyuma ya ulimi, na kweli ukajifagia wenyewe kama alivyosema. Kinywa kikabaki kikavu na kisafi, na ndani yake harufu ile ya ukoko wa mkate ikarudi pole pole kupitia puani. Nilimeza tena, kwa kuhakikisha. Niliipenda. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Nimesikia," akasema baba.

Tulikula mbuzi na kachumbari, tukaimaliza ile glasi sisi watatu tukipokezana, na kila mmoja akimpa mwenzake alikunywa kwanza. Mwanangu aliniuliza mara kwa mara, "Lakini kweli iko sawa? Uchungu si mingi?" Nilimwambia uchungu uko sawa, gesi apunguze kidogo. Alichukua maneno yangu kwa uzito kama vile nimetoka kwenye jopo la waamuzi. Alituendesha mpaka nyumbani jua likizama, baba akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti iliyozidi kawaida.

Usiku huo sitausimulia. Kila mwoga anajua usiku unavyokuwa. Niseme tu kwamba nilikwenda kusikiliza pumzi yake mlangoni mara nyingi, na kwamba alfajiri usingizi ukanishinda nikiwa nimeketi kitandani na nguo zangu za jana.

Niliamka jua limeshaingia. Nilikaa kitandani bila kufumbua macho. Nilijua nikiyafumbua nitajua yangu, na nikitoka hapo nitakwenda kujua ya baba. Nikayafumbua. Ukuta ulikuwa pale, na kalenda ya kanisa, na uzi mweusi umeninata kwenye mkono wa blauzi. Nikakimbia pekupeku mpaka chumbani kwa baba, nikafungua mlango bila kubisha.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kofia, viatu vimefungwa kamba, fimbo katikati ya magoti, uso umeelekea mlangoni. Kitanda kilikuwa hakijalaliwa.

"Unaona?" akaniuliza kabla sijasema neno.

"Naona, Tata."

"Unaona nini?"

Sauti yake ilikuwa nyembamba, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamwambia namwona yeye. Nikamwambia naona koti, na kwamba vifungo amevifunga vibaya, cha juu kimeingia tundu la pili.

Akashika kifungo kimoja kimoja kwa vidole mpaka chini. "Nilivaa haraka," akasema. "Nilikuwa nangoja uniite, nikushike mkono nikupeleke hospitali."